TUMBO LA CHOMBO

Ndugu msikilizaji, kila chombo cha baharini kina sura mbili. Iko sura ile inayoonekana na kila mtu, yenye jina, bendera na rangi ya kumeremeta, na iko ile iliyo chini ya maji, ambayo abiria haioni kamwe. Mazungumzo yangu ya wiki hii yanahusu hiyo ya pili. Najua kwamba wengi wenu mnaonisikiliza mjini hamna hata mtumbwi. Hata hivyo mnavuka feri, mnakula samaki na pweza, na baadhi yenu mna wana au wadogo zenu wanaofanya kibarua mahali boti zinapotengenezwa. Jambo hili basi linawagusa.

Juzi nilikuwa Kilifi, pale kwenye hori, nikatazama boti ya matumbo mawili ikipandishwa mchangani ili ipakwe rangi chini. Boti ya namna hiyo huitwa katamarani. Jina hilo asili yake ni India ya kusini, kwa Watamil, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Wenyewe walikuwa bwana na bibi kutoka Ulaya, ambao hawana nyumba nyingine ila hiyo. Walikuwa wamepanda na kusi kutoka Madagaska, na sasa walikuwa wakingoja kaskazi iwarudishe huko. Kabla ya safari hiyo ilikuwa lazima chombo kitazamwe tumboni.

Boti yao ina urefu wa mita 12 na upana karibu mita 7, na huo upana ndio unaoleta taabu. Boti ya tumbo moja yenye urefu huo huwa na upana wa mita 4 hivi, na karakana nyingi zenye mashine ya kuinulia kwa mikanda zilijengwa kwa kipimo hicho. Katamarani haipiti katikati ya miguu ya mashine. Mwenyewe itambidi atafute krini kubwa, au trela maalumu ya kuingia majini, au atumie njia waliyoitumia mababu zetu kabla ya injini yoyote kufika pwani hii, yaani maji yenyewe.

Maji ya pwani yetu ni fundi asiyedai malipo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Isitoshe, saa zake ni nzuri. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Mwenye kazi huingia na maji ya alfajiri, akakilenga chombo juu ya mchanga usio na mawe, akatia nanga mbele na nyuma, akangoja. Maji yakishatoka, jahazi hulala ubavu, na mafundi hushughulikia upande mmoja leo na wa pili siku nyingine. Katamarani hukaa kitako kwa matumbo yake mawili, imesimama wima, na mtu anaweza kuendelea kupika chai ndani. Kuanzia hapo zipo saa tano, au sita ukiwa na bahati, kabla maji hayajarudi kulowesha miguu.

Palitokea ubishi kidogo kuhusu siku. Yule bwana alikuwa na jedwali lake la maji, akataka apande siku ile maji makubwa kuliko yote, ili boti ifike juu kabisa. Fundi aliyesimamia kazi, mzee mmoja ambaye vijana wote walimwita Babu, akakataa. "Ukipanda siku ya maji makubwa kuliko yote," alimwambia, "kesho yake nani atakushusha?" Maana yake ni kwamba baada ya kilele kila maji yanayokuja ni madogo kuliko yaliyotangulia. Chombo kilichopandishwa na maji makubwa kinaweza kubaki pale pale kikingoja bamvua lijalo, wiki mbili baadaye, na bamvua hilo huenda likawa dogo. Kwa hiyo walipanda siku mwezi ulipoandama, ilhali kilele kilikuwa siku mbili mbele. Jedwali la yule bwana lilikuwa sahihi kabisa, ila halikusema hilo.

Maji yalipotoka tukaona kilichokuwa chini. Boti ilikuwa na miezi kumi na minne tangu ipakwe rangi. Ubavuni palikuwa na utelezi wa kijani, kwenye mstari wa maji palining'inia ndevu za mwani, na kuzunguka usukani na pangaboi palijaa vigamba vyeupe vigumu, vikali kama vijembe, ambavyo vikishanata havitoki ila kwa patasi. Bahari yenye joto kama yetu haichelewi. Wiki chache tu zatosha utelezi kuanza, na utelezi ndio unaowaandalia wengine mahali pa kukaa.

Kama unadhani uchafu huo ni suala la kupendeza macho tu, sikiliza hesabu hii. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Michael Schultz, alikokotoa gharama ya uchafu wa namna hiyo kwa manowari ya ukubwa wa kati. Manowari iliyojaa vigamba vizito ilihitaji nguvu za mashine zaidi kwa asilimia 86 ili kwenda mwendo ule ule wa kawaida. Ni kama gari la kujaza tangi moja kwenda Nairobi sasa likidai karibu matangi mawili. Kwa boti ya tanga maana yake ni mwendo mdogo, usukani mzito, na siku nyingi zaidi baharini kuliko chakula na maji yaliyopakiwa.

Kwa vyombo vya mbao hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu yuko mdudu anayetoboa. Watu humwita mnyoo, ingawa kwa ukoo wake ni jamaa ya chaza. Huingia kwenye mbao akiwa mdogo asiyeonekana, akalia ndani huku uso wa mbao ukibaki mzuri. Christopher Columbus, katika safari yake ya nne, alilazimika mwaka 1503 kuvipandisha ufukoni Jamaica vyombo vyake viwili vya mwisho vilivyotobolewa mpaka vikawa kama chujio, akakaa hapo mwaka mzima akingoja kuokolewa.

Mababu zetu walimjua mdudu huyo na walikuwa na dawa yake. Chombo kilipandishwa, kikakwanguliwa, kikatiwa moto wa makuti chini ili joto liue kilichomo. Kisha kikapakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa shahamu au kwa mafuta ya papa. Nyufa zilikalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Kazi hiyo ilirudiwa kila baada ya miezi michache, kwa sababu deheni haiui. Inafunika tu, nayo hubanduka. Naomba ukumbuke hilo, kwani nitalirudia.

Wazungu walikuja na shaba. Mwaka 1761 jeshi la maji la Uingereza liliivika manowari yake HMS Alarm mabati ya shaba chini yote. Iliporudi kutoka visiwa vya Karibiani na kutazamwa mwaka 1763, mdudu hakuwa amegusa kitu, lakini misumari ya chuma iliyoshika shaba hiyo ilikuwa imelika. Pale tu ambapo karatasi ilibaki kati ya chuma na shaba, chuma kilisalimika. Ndivyo mabaharia walivyojifunza kwa hasara kwamba metali mbili zikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi, moja huila nyingine.

Halafu akaja mwanasayansi Humphry Davy, mwaka 1824, na wazo la werevu. Ikiwa metali moja huliwa badala ya nyingine, basi tubandike vipande vya zinki au chuma kwenye shaba, viliwe hivyo, na shaba isimalizike. Akafanya hivyo, na shaba haikulika hata kidogo. Lakini meli zilirudi bandarini zimejaa mwani na vigamba! Shaba ilikuwa ikizuia uchafu kwa sababu tu ilikuwa ikiyeyuka. Ikiacha kuyeyuka inakuwa ukuta kama kuta nyingine.

Hapo, msikilizaji, ndipo penye kiini cha mambo yote haya. Rangi nyingi zinazopakwa chini ya boti leo, ile nyekundu au nyeusi au ya samawati unayoiona chini ya mstari wa maji, hufanya kazi kwa kumwaga shaba baharini kidogo kidogo, usiku na mchana. Mwenye boti hununua sumu inayotoka polepole, na siku ikikwisha kutoka, anapandisha tena.

Wakati mmoja watu walidhani wamepata kitu bora kuliko shaba. Ilikuwa ni rangi yenye mchanganyiko wa bati, iliyoenea tangu miaka ya 1960. Ilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Huko Ufaransa, katika ghuba ya Arcachon, wafugaji wa chaza waliona magamba ya chaza wao yakikua kwa kombo na watoto wa chaza wakishindwa kuishi. Kwingineko konokono wa kike wa baharini wakaota viungo vya kiume, wakashindwa kuzaa. Ufaransa ilipiga marufuku rangi hiyo kwa boti ndogo mwaka 1982, Uingereza ikafuata mwaka 1987, na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 ulianza kutumika Septemba 2008. Miaka zaidi ya 25 ilipita kati ya kilio cha wafugaji wa chaza na sheria ya dunia nzima. Basi dunia ikarudi kwa shaba.

Turudi mchangani. Kazi za siku hiyo zilikuwa nyingi na nyingine sitazieleza kwa urefu. Vipande vya zinki vya zamani, vilivyolika mpaka vikawa kama mifupa ya samaki, vilifunguliwa vikawekwa vipya. Huyo ni Davy anaendelea kufanya kazi, maana zinki hufa ili pangaboi lipone. Vali zote zinazopitisha maji kwenye ngozi ya boti zilifunguliwa na kufungwa. Faiba ilitazamwa kama ina vipele, kwani maji hupenya taratibu hata kwenye faiba. Miguu miwili ya alumini inayobeba mapangaboi ilizungushiwa utepe ili isiguswe na rangi ya shaba, kwa sababu ile ile iliyoila misumari ya Alarm.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kukwangua rangi ya zamani. Iliwekwa mikononi mwa vijana wanne, kwa patasi na msasa mkavu. Kufikia saa tatu asubuhi walikuwa wekundu kuanzia nyusi hadi kifuani, kama watu waliotoka kufyatua matofali. Mmoja alijifunga shati puani. Yule bibi mwenye boti, ambaye naye alishika msasa wake na kufanya kazi kama wao, alivaa miwani ya kuziba na barakoa ya mpira yenye vichungi viwili. Mumewe alikuwa na nyingine. Barakoa zilikuwa mbili tu. Sisemi kwamba ni watu wabaya. Waliwapa vijana chai, mkate na malipo yao siku ile ile. Nasema tu nilichokiona, kwamba upande mmoja wa boti ulijua vumbi lile ni nini na upande wa pili haukuambiwa. Maandishi kwenye kopo yaliyosema usivute vumbi hili yalikuwa kwa lugha mbili, na Kiswahili hakikuwa mojawapo.

Nilimwamkia Babu, akaniitikia, nikamwuliza kwa nini vijana wake hawajifuniki. Jibu lake limenikaa. Alisema, "Mwanangu, deheni tulikuwa tukiipaka kwa viganja." Hakusema kwa ubishi. Alikuwa akieleza alivyofundishwa kazi. Deheni ni chokaa na mafuta. Ikikuingia kuchani unanawa kwa sabuni. Ufundi ulibaki ule ule, mikono mitupu na pumzi wazi, na ndani ya kopo kikabadilika kitu.

Kiasi cha saa tano wakapita kina mama watatu wakitoka mwambani. Siku za bamvua, maji yanapopwa mbali, ndizo siku zao za pweza na kome. Walipita karibu na boti kwa kuwa njia ni hiyo. Mchanga pale chini ulikuwa mwekundu, nao walikanyaga, na mtoto aliyekuwa nao akaokota ganda la rangi akalichezea. Kisha vijana wakapaka rangi mpya, mikono miwili kote na wa tatu kwenye mstari wa maji na usukani, ambako maji huila upesi. Saa nane hivi maji yakarudi na kuchukua vumbi lote likaenda horini.

Kuna atakayesema bahari ni kubwa. Bahari ni kubwa, lakini hori ni ndogo, na shaba inapozama haiozi kama ganda la ndizi. Hubaki kwenye tope. Huko San Diego, California, kuna maegesho ya boti za starehe yaitwayo Shelter Island. Mwaka 2005 mamlaka ya maji iliamuru shaba inayoingia humo ipunguzwe kwa asilimia 76, na karibu yote ilikuwa ikitoka kwenye rangi za chini ya boti. Sidai kwamba Kilifi imefikia hali hiyo. Boti zetu ni chache mno ukilinganisha. Ila tusingoje ziwe nyingi.

Wala siungi mkono wanaotaka rangi hizo zipigwe marufuku zote kesho asubuhi. Chombo kichafu nacho kina madhara yake. Hubeba viumbe kutoka bandari moja hadi nyingine, na vingine vikifika ugenini huwafukuza wenyeji. Boti inayotoka Madagaska na tumbo la vigamba ni mgeni anayeleta wageni wenzake. Na boti hizi ni riziki. Zilipungua sana miaka ile ya maharamia wa Kisomali, kuanzia 2008 hivi, na mafundi wa pwani waliisikia njaa yake.

Ninalolitaka ni dogo na halina gharama ya kutisha. Mchangani, kati ya maji na maji, mtu afanye kazi za kuosha, kubadilisha zinki na kutazama vali. Kukwangua rangi kufanywe juu, maji yasikofika, na turubai litandikwe chini. Msasa uwe wa maji, ili vumbi liwe tope badala ya kupaa, na tope hilo lifagiliwe, litiwe kwenye debe na lipelekwe linakopelekwa takataka za sumu. Kila anayeshika msasa awe na barakoa ya kweli, si shati. Kopo moja la rangi hiyo lina bei kuliko turubai na barakoa nne kwa pamoja, na boti kama ile humaliza makopo kadhaa. Mwenye boti akiwekewa vitu hivyo kwenye hati ya malipo tangu mwanzo, kama anavyowekewa rangi na brashi, atalipa. Hakuna anayesafiri dunia nzima kisha akashindwa na turubai. Kinachokosekana ni mtu wa kuliandika sharti hilo, na wa serikali ya kaunti wa kupita siku ya bamvua akatazama. Kalenda ya bamvua inajulikana mwaka mzima mbele.

Sasa niseme na wavukaji wa feri. Nanyi mna chombo chenye tumbo. Feri ni ya chuma, haina mnyoo, lakini chuma huliwa na kutu, na unene wake lazima upimwe mara kwa mara chombo kikiwa chelezoni, pakavu. Kila feri inapotolewa kwenda huko, foleni ya Likoni hurefuka na watu hulalamika, na wana haki ya kulalamika kama hawakuambiwa. Chombo kimoja kikitolewa, vilivyobaki hubeba zaidi, na sisi watu wa Mombasa tunajua kujaza kupita kiasi kulitufanyia nini pale Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994, walipokufa watu 272. Ndugu zetu wa Dar es Salaam nao wanalijua jambo hili. Mwaka 2023 kivuko chao MV Magogoni, chenye uwezo wa kubeba watu 2,000, kililetwa huku Mombasa kwa ukarabati mkubwa, na watu wa Kigamboni wakabaki wakihesabu miezi.

Mwenye katamarani alijua siku yake miezi miwili kabla, kwa sababu mwezi hauandami kwa siri. Chelezo nalo halishtukizi mtu. Siku ya kuingia hupangwa mapema, na kazi inayotakiwa huandikwa. Basi na abiria aambiwe chombo gani kinatoka, lini, kwa kazi gani, na kinatarajiwa kurudi lini. Karatasi moja yatosha, kwa Kiswahili, yenye herufi kubwa. Ibandikwe pale penye foleni, karibu na wauza korosho, mahali ambapo kila mtu husimama bila la kufanya.